Samaki wa vidole viwili vya juu

Tangi langu lina lita 25 tu. Fundi vioo wa Majengo alinikatia vipande, nikavigandisha mwenyewe kwa silikoni, na sasa liko sebuleni kwetu Nkuhungu, Dodoma, juu ya kabati. Ndani mna samaki wadogo waitwao kilifishi, Epiplatys annulatus, ambao asili yao ni Afrika Magharibi: Guinea, Sierra Leone na Liberia. Mkubwa wao hafiki sentimita 4. Mwili ni rangi ya maziwa yenye mikanda mipana myeusi, na mkia wa dume ni buluu yenye ulimi mwekundu katikati, kama moto wa kibatari.

Wanakaa vidole viwili vya juu vya maji, kushuka ni nadra. Mdomo umeelekea juu, mgongo umenyooka kama rula, wanangoja kitu kianguke. Ukiwatilia viluwiluwi wachanga wa mbu, utaona shabaha yao.

Mwanzoni niliwawekea pampu yenye nguvu. Ikakoroga maji juu, nao wakajibana pembeni siku mbili bila kula. Nikaitoa, nikaweka sponji ya kuchujia maji, ya kuendeshwa kwa hewa, mapovu yanatoka moja moja. Nikaacha na mimea inayoelea itande nusu ya tangi. Mizizi yake inaning'inia kama ndevu, na humo ndimo jike anapotaga, yai moja leo, jingine kesho.

Halafu wanaruka. Binti yangu huwahesabu kila asubuhi kabla ya shule. Siku moja akaniambia, "Baba, leo wako saba." Walikuwa wanane. Wa nane nilimkuta nyuma ya kabati, amekauka kama njiti ya kiberiti. Alipenya kwenye upenyo wa kupitishia waya juu ya tangi, mpana kama kidole changu cha mwisho. Iliniuma sana, maana ule upenyo nilikuwa nimeuona. Sasa nimeuziba kwa sponji.

Kazi kubwa lakini ni maji. Ya bomba hapa Dodoma ni magumu, yaani yana chumvi za madini nyingi, birika letu lina ukoko mweupe ndani, na hawa kwao ni vijito vya maji laini. Kwa hiyo nakinga mvua ya bati, ile ya kwanza naiacha ioshe vumbi. Kila wiki nabadilisha lita tano: nne za mvua, moja ya bomba. Natia na jani kavu la mkungu, lililodondoka lenyewe, maji yanageuka rangi ya chai hafifu.

Upepo wa kiangazi unakausha tangi haraka, na yaliyopotea kwa mvuke nafidia kwa maji ya mvua matupu, kwa sababu chumvi haipai na mvuke, inabaki. Mvua ilikatika Aprili. Pipa langu la lita 200 lilijaa, nimelifunika kwa chandarua, na hakuna anayeruhusiwa kuchovya kikombe humo hadi Desemba.

Juzi, chini ya jani moja linaloelea, niliona nukta mbili zinazong'aa. Ni macho ya kitoto, mwili wenyewe bado hauonekani.