Nilivyopata fedha za utafiti wa uzamili nikiwa Dodoma

Fedha za utafiti wangu wa uzamili hazikutoka mfuko mmoja. Ada ililipwa na mwajiri, kazi ya uwandani ilibebwa na ruzuku ndogo pamoja na mradi wa msimamizi, na mafunzo ya uandishi na takwimu niliyapata bila kutoa hata shilingi. Naandika kwa ajili ya wanaoanza muhula wa kwanza hapa Dodoma, kwa sababu wengi wanasubiri skolashipu moja itakayolipa kila kitu, wakiikosa wanaahirisha mwaka mzima.

Nianze na mwajiri. Darasa la uzamili la Dodoma lina watumishi wengi wa wizara, halmashauri na taasisi za umma, na wengi hawajui kwamba kiini cha jambo si barua ya kuomba ada. Kiini ni jina lako kuwemo katika mpango wa mafunzo wa taasisi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Ukipeleka barua Juni, hata mkuu wako akikupenda namna gani, hana kifungu cha kukulipia. Mimi nilipeleka yangu Oktoba, kwa masomo ya mwaka uliofuata. Niliambatanisha mchanganuo wa ada wa kila mwaka kutoka chuoni, muhtasari wa kozi, na aya moja inayoonyesha kozi inagusa majukumu gani ya kada yangu. Aya hiyo ndiyo afisa utumishi anayoinakili anapojaza mpango, kwa hiyo iandike kwa lugha ya ofisi, si lugha ya ndoto zako. Wakisema hela ya ada haipo, usiondoke mikono mitupu: omba ruhusa ya masomo kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, siku unazokaa darasani zinaweza kuhesabiwa utoro kazini.

Kama hujaajiriwa, usiweke tumaini kubwa kwa Bodi ya Mikopo, maana sehemu kubwa ya mikopo yake ni ya shahada ya kwanza. MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), huelekezwa zaidi kwa watafiti wa taasisi. Mwanafunzi huingia humo akiwa ndani ya timu ya mhadhiri, na hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: tafuta msimamizi mwenye mradi unaoendelea. Kabla ya kuchagua mada, pita kwa wahadhiri watatu au wanne wa idara yako, uliza nani ana mradi, una muda gani uliobaki, na kama una kifungu cha wanafunzi wa uzamili. Uliza kwa heshima lakini uliza wazi: "Dokta, mradi huu una nafasi ya mwanafunzi, na unagharamia nini?" Mada itabanwa kidogo na malengo ya mradi. Mimi nilikubali kubanwa, na sijutii.

Sasa bajeti. Wanaosoma maombi ya ruzuku ndogo hufungua bajeti mapema sana, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama mwombaji amewahi kufika uwandani hata kwa mawazo. Bajeti inayosema "usafiri milioni moja, posho milioni mbili" inakatwa au inatupwa. Kila tarakimu itoke kwenye tarakimu nyingine, mpaka ufike kwenye swali la utafiti lenyewe.

Utafiti wangu ulihusu uhifadhi wa mtama katika kaya, vijiji vya upande wa Chamwino. Orodha za watendaji wa vijiji zilinipa kaya 1,850. Kwa fomula ya Yamane, yaani idadi ya kaya igawanywe kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa (kiwango cha kukosea unachokubali), na kosa nililoweka ni 0.07, unapata 1,850 gawanya kwa 10.065, sawa na kaya 184. Wengi huweka 0.1 ili sampuli ipungue mpaka 95. Kihesabu inakubalika, ila ukitaka baadaye kulinganisha kaya zinazoongozwa na wanawake na zile za wanaume, kundi moja linabaki dogo mno na uchambuzi unakosa nguvu. Chagua kosa kwa kuangalia majedwali utakayoyahitaji sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, si kwa kuangalia mfuko.

Kutoka kwenye 184 kila kitu kinajikokotoa. Hojaji yangu ilichukua dakika 50, na kaya zimetawanyika, kwa hiyo msaidizi mmoja anamaliza kaya 5 kwa siku. Anayeahidi 10 ama hajatembea vijiji vya Ugogo ama atajaza hojaji chini ya mbuyu. Wasaidizi 4 wanapata 20 kwa siku, na siku 10 zinatoa nafasi ya 200. Zile 16 za ziada ni kwa ajili ya kaya utakazozikuta zimefungwa. Ongeza siku 2 za mafunzo na siku 1 ya kujaribu hojaji katika kijiji kisichokuwa kwenye sampuli, jumla siku 13. Kwa bei nilizotumia mimi, ambazo wewe utazipandisha, wasaidizi 4 kwa siku 13 kwa Sh40,000 ni Sh2,080,000. Pikipiki 3 za kukodi kwa siku 11, Sh25,000 kila moja na mafuta yakiwemo, ni Sh825,000. Malazi ya watu 5 kwa usiku 10, Sh15,000, ni Sh750,000. Waongoza njia wa vitongoji 4 kwa siku 10, Sh10,000 kila mmoja, ni Sh400,000. Vocha za simu na data kwa watu 5, Sh20,000 kila mmoja, ni Sh100,000. Chakula cha siku mbili za mafunzo kwa watu 5, Sh8,000, ni Sh80,000. Nakala 40 za hojaji za karatasi, kurasa 8 kila moja kwa Sh100, ni Sh32,000. Jumla Sh4,267,000.

Hizo nakala 40 zina sababu. Data tulikusanya kwa simu kupitia programu ya KoboToolbox, ambayo haina malipo kwa matumizi ya kawaida na inahifadhi majibu hata mahali pasipo mtandao. Lakini simu huzima, na ukiwa kilomita kadhaa kutoka kwenye umeme wa kuchajia, karatasi ndiyo inayookoa siku. Chini ya kila kifungu niliandika sentensi mbili za kueleza kwa nini. Kifungu cha waongoza njia ndicho kinachoulizwa sana na watu wa ofisini: eleza kwamba mtu anayefahamika kitongojini hupunguza kaya zinazokataa kuhojiwa, na kwamba wazee wengine wanajieleza vizuri zaidi kwa Kigogo. Kwa sababu hiyo hiyo, wawili kati ya wasaidizi wangu walikuwa wasemaji wa Kigogo, na maswali yote ya vipimo tuliyajaribu kwa lugha zote mbili. Kipimo chenyewe ni mtego. Debe, gunia na kihenge havina uzito mmoja kila nyumba, basi tulibeba mizani ya kuning'iniza na kupima debe la kaya husika kabla ya kuuliza limejazwa mara ngapi.

Kalenda ni bajeti nyingine, na hapa ndipo maombi mengi kutoka Dodoma yanapoharibika. Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati huo njia za udongo wa mbuga hazipitiki kwa pikipiki, na watu wako mashambani tangu alfajiri. Mtama ukikaribia kukomaa, familia hushinda shambani kufukuza kweleakwelea, nyumbani unamkuta mtoto na bibi. Mavuno yanakwenda Mei hadi Julai. Julai mwishoni hadi Septemba ndipo nafaka iko ghalani na mkuu wa kaya yuko nyumbani. Andika dirisha hilo kwenye andiko lako na useme wazi kwamba fedha zikichelewa kupita Septemba, swali la uhifadhi linapoteza maana mpaka msimu ujao. Mfadhili akijua hilo tangu mwanzo, kuomba asogeze awamu ya kwanza kunakuwa rahisi.

Vibali navyo vinakula wiki. Vyuo vikuu vya umma hutoa barua ya kibali cha utafiti kwa wanafunzi wao. Ukiwa nayo, unakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Kila ngazi inataka nakala ya barua ya ngazi iliyo juu yake, basi toa nakala kumi tangu siku ya kwanza. Ukiruka ngazi moja, mtendaji wa kijiji ana haki ya kukurudisha, na siku hiyo posho za wasaidizi zinaendelea kuhesabiwa. Utafiti wa afya una mlango wake wa maadili, pamoja na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na huo unahitaji miezi, si wiki. Nilianza vibali miezi miwili kabla na nikaepuka wiki za mwisho za Juni, ambapo halmashauri zinafunga hesabu za mwaka.

Kwa wanaotazama ufadhili wa nje, dirisha la Chevening (skolashipu ya serikali ya Uingereza) na lile la Jumuiya ya Madola kwa kawaida hufunguliwa kati ya Agosti na Oktoba, na kozi nyingi za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya hupokea maombi kuanzia Oktoba hadi Januari. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. DAAD ya Ujerumani kwa kawaida haitaki shahada yako ya mwisho iwe imepita miaka sita. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, limekuwa likitoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa sayansi kutoka nchi zikiwemo Tanzania, na nasikitika kuona dada zetu wachache wanaufahamu. Wachumi waiangalie AERC ya Nairobi, watu wa sayansi ya jamii waiangalie CODESRIA ya Dakar.

Kosa linaloua maombi haya mara nyingi ni GPA. Yetu ni kati ya 5. Ukiandika "3.8" peke yake, msomaji wa Marekani anaisoma kati ya 4, halafu akifungua transkripti anaona umemdanganya. Andika "3.8/5.0, daraja la pili la juu", wala usijibadilishie mwenyewe kwenda kipimo chao isipokuwa fomu ikulazimishe na kukupa njia ya kukokotoa. La pili ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti ina herufi moja tofauti. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina mapema, kisha tumia mpangilio mmoja wa majina kila mahali. Pasipoti yenyewe ni Sh150,000 na inahitaji namba ya NIDA, usisubiri uitwe kwenye usaili ndipo uanze kuihangaikia.

Barua za wadhamini niliziomba wiki nne kabla. Mhadhiri ana wanafunzi wengi, hakumbuki ulipata nini kwenye kozi yake. Nilimpelekea kila mmoja bahasha moja ya barua pepe yenye CV, andiko la kurasa mbili, tarehe ya mwisho, na mambo matatu aliyoyashuhudia mwenyewe kwangu ambayo angeweza kuyataja. Mwombe atumie anwani ya chuo, kwa sababu mifumo mingi haiamini anwani binafsi. Na mjulishe kwamba kiungo cha mfumo kinaweza kuangukia kwenye barua taka. Nilikumbusha siku kumi kabla, na tena siku tatu kabla: "Shikamoo Profesa, nakukumbusha tu, mfumo unafungwa Ijumaa."

Kwa mafunzo, AuthorAID ina kozi za mtandaoni za uandishi wa makala na wa maombi ya ruzuku bila malipo, na Research4Life inafungua majarida ambayo chuo chako pengine hakiwezi kuyalipia, muulize mkutubi nywila. Fungua ORCID leo, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure na fomu nyingi zinaiomba. Takwimu za kitaifa ziko mlangoni: makao makuu ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) yapo hapa hapa Dodoma, na data za tafiti za kaya zinaweza kukuokolea kazi nzima ya uwandani kama swali lako linajibika nazo.

Ruzuku ikiingia, shughuli ngumu ni marejesho ya masurufu, yaani kuonyesha kwa karatasi kila shilingi uliyopewa ilitumikaje. Mjini, dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kwa kila kitu. Kijijini hakuna EFD, basi nilitengeneza fomu ya malipo yenye tarehe, jina, namba ya simu, kazi aliyofanya, siku, kiasi na saini au dole gumba, mtendaji wa kijiji akagonga mhuri kila ukurasa. Fomu ijazwe jioni ile ile. Kuwatafuta waendesha pikipiki watatu wiki mbili baadaye kwa ajili ya saini ni safari nyingine isiyo na bajeti. Ruzuku yangu ilishikilia awamu ya mwisho mpaka ripoti na marejesho yafike, kwa hiyo fomu hizo ndizo zilizolipa siku mbili za mwisho za uwandani. Kifungu ambacho sikukiweka, na ambacho wewe ukiweke, ni cha kurudi kijijini na matokeo: nauli, nakala za muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, na chai ya mkutano. Nilikilipa mwenyewe, Sh120,000.