Mshuko wa risasi: usihangaike na mwinuko wa Arusha

Swali linalorudi kila msimu: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, je, nibadilishe hesabu ya kulenga? Kidogo sana. Chukua bunduki ya risasi aina ya .30-06, yenye kichwa cha greini 180 (gramu 12 hivi), mwendo mita 820 kwa sekunde, darubini sentimita 4 juu ya mtutu, bunduki imesawazishwa mita 100, yaani kwa umbali huo inapiga pale pale unapolenga. Usawa wa bahari, ukilenga mita 200 inapiga chini kama sentimita 13. Mita 300, kama 48. Hapa Arusha, kwenye mita 300, unaokoa sentimita 2 au 3. Hazifiki hata upana wa vidole viwili.

Kosa kubwa ni la umbali. Ukikisia mita 275 kumbe ni 300, tayari sentimita 10 zimepotea. Pima kwa leza, na uipige kwenye mti au jiwe lililo sambamba na mnyama, maana nyasi za mbele hurudisha mwale mapema ukasoma pungufu.

Halafu mteremko. Uko juu ya miamba ya Longido, mbuzi mawe (swala mdogo wa miambani) yuko chini yako kwa nyuzi 30, leza inasoma 300. Risasi hushuka kulingana na umbali wa mlalo, si ule wa mteremko: 300 mara 0.87 (kosine ya nyuzi 30), yaani 260. Ukilenga kwa 300 itapita juu kama sentimita 15, na kifua cha mbuzi mawe hakina nafasi hiyo. Kulenga kwenda juu, hesabu ni ileile.

Upepo wa ubavuni wa mita 5 kwa sekunde unaisukuma risasi kando kama sentimita 25 kwa mita 300. Linganisha na zile 2 au 3 za mwinuko!

Kwenye programu ya simu ya kukokotoa mshuko wa risasi, angalia kanieneo ya hewa. Simu huonyesha hektopaskali 1,015 hivi kwa sababu imerekebishwa iwe ya usawa wa bahari. Halisi ya Arusha ni kama 860. Ingiza halisi peke yake, au mwinuko peke yake. Mwendo nao usiuchukue kwenye boksi, kwani mtutu wa majaribio wa kiwanda huenda ni mrefu kuliko wako. Risasi zilizoachwa juani kwenye dashibodi pia hutoka kasi zaidi, basi ziweke kivulini.

Mwisho piga risasi tatu tatu mita 200 na 300, rekebisha mwendo kwenye programu hadi ikubaliane na matundu, kisha andika namba hizo kwenye plasta na uibandike kwenye kitako cha bunduki.