Nilivyojifunza kumsoma mkimbiaji wa besiboli, kutoka Omaha hadi Kansas City

Nimekulia Morogoro nikiamini kwamba mbio ni mbio tu: ukiwa na kasi, mengine yatajipanga yenyewe. Nilikimbia mita 100 na 200 kwenye UMISSETA, na hadi leo nikimwona mtu anachomoka kwenye mstari wa kuanzia namtazama mabega kwanza, halafu magoti. Mwaka 2011 nilifika Omaha, jimbo la Nebraska, baada ya kupata bahati nasibu ya green card, nikakuta watu wanapenda mchezo ambao muda mwingi wachezaji wamesimama. Sikuuelewa hata kidogo. Aliyenivuta mpaka nikauelewa ni mchezaji mmoja wa timu ya besiboli ya Omaha Storm Chasers, Jarrod Dyson, kwa sababu alikuwa anakimbia kwa namna niliyoitambua.

Uwanja wao, Werner Park, uko Papillion, nje kidogo ya Omaha, na mwaka ule ulikuwa mpya kabisa. Usiku nilifanya zamu kwenye kiwanda cha nyama, wikendi nikapata kibarua pale uwanjani: kufagia majukwaa, kubeba barafu, kukusanya vikombe. Mwenzangu wa kibarua alitoka Jamhuri ya Dominika, mtu aliyezaliwa ndani ya besiboli kama sisi tulivyozaliwa ndani ya kandanda. Siku moja akaniona namkodolea macho mkimbiaji aliyekuwa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka ili afunge bao, akaniambia, "Ndugu yangu, hapo huoni kitu. Mtazame mrushaji. Tazama kisigino chake."

Naomba nieleze hesabu yenyewe, maana mimi ndiyo iliyonifungua macho. Mkimbiaji akifika besi ya kwanza hakai pale. Anasogea hatua kadhaa kuelekea besi ya pili, kama mita tatu na nusu, akiwa ameinama na mikono ikining'inia. Kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27.4. Mrushaji akishaanza kumrushia mpigaji, mkimbiaji anaweza kuchomoka kuiba besi ya pili. Mdakaji aliye nyuma ya mpigaji anaudaka mpira, anainuka na kuutupa besi ya pili ili mkimbiaji aguswe nao kabla hajafika. Kwenye ligi kuu, mrushaji wa kawaida hutumia kama sekunde 1.3 tangu mguu wake wa mbele unyanyuke hadi mpira uingie kwenye glavu ya mdakaji. Mdakaji naye hutumia kama sekunde 2.0 hadi mpira ufike besi ya pili. Jumla 3.3. Mkimbiaji anayetumia 3.5 amekwisha. Anayetumia 3.2 yuko salama, anajifuta vumbi.

Mtu aliyewahi kukimbia mita 100 anajua sehemu ya kumi ya sekunde ni kitu gani. Ndiyo inayomtenganisha anayepanda jukwaani na anayerudi kwenye basi.

Basi nikaanza kupima. Nilitumia stopwochi ya simu. Mrushaji wa mkono wa kulia anapojiandaa kukiwa na mkimbiaji besi ya kwanza, mkimbiaji anauona mgongo wake na visigino vyote viwili. Kisigino cha kushoto kikinyanyuka kwanza, mpira unakwenda kwa mpigaji: kimbia. Cha kulia kikinyanyuka kwanza, anageuka kutupa besi ya kwanza: rudi upesi. Nilikuwa nabonyeza kisigino cha kushoto kikitikisika, nabonyeza tena nikisikia mlio wa glavu. Mwanzoni namba zilikuwa za ovyo kwa sababu macho yangu yalikuwa yanaufuata mpira, na mpira unadanganya, unakuvuta. Nikajilazimisha kutazama viatu tu. Haikupita muda nikawa najua, hata kabla ya mkimbiaji kuondoka, kwamba mrushaji huyu anaibika na yule haibiki. Mwenye 1.5 alikuwa mali yetu. Mwenye 1.2, hata uwe na mbio za namna gani, ilikuwa afadhali utulie.

Baada ya mechi, kabla hawajasawazisha udongo, nilikuwa nasimama kwenye uzio upande wa besi ya kwanza kutazama alama za viatu vya meno. Pale mkimbiaji alipokuwa amejitega kuna mikwaruzo ya kusogeasogea, kisha tundu moja refu, la mguu wa kulia uliosukuma, halafu alama ya mguu wa kushoto uliopita mbele yake. Wenye mbio nyingi wasio na mwanzo mzuri tundu lao lilikuwa fupi na pana, mguu umeteleza kabla haujashika. Ni kosa lilelile nililokuwa naliona kwenye viwanja vya vumbi nyumbani.

Sasa Dyson mwenyewe. Alizaliwa McComb, Mississippi, na mwaka 2006 Kansas City Royals, timu ya ligi kuu ambayo Omaha ni tawi lake la ligi ndogo, walimchagua raundi ya 50, nafasi ya 1,475, kwenye uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Hiyo ndiyo ilikuwa raundi ya mwisho. Siku hizi uchaguzi una raundi 20 tu, kwa hiyo kijana kama yule leo asingeitwa jina lake kabisa. Alicheza ligi kuu kwa mara ya kwanza Septemba 2010, na msimu wa 2011 aliugawanya kati ya Omaha na Kansas City. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Wikendi moja yupo, nyingine hayupo, baada ya muda amerudi tena. Mke wangu, ambaye wakati ule alikuwa bado Morogoro akisubiri viza, nilimsimulia kwenye simu akauliza, "Baba Neema, sasa huyo amefukuzwa kazi?" Nikamwambia, "Hapana mama Neema, amepandishwa. Ila wanaweza kumshusha kesho." Akasema kazi gani hiyo isiyo na utulivu.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Timu ya ligi kuu wakati ule ilikuwa na wachezaji 25 wanaoruhusiwa kucheza (sasa ni 26), lakini ina 40 kwenye orodha yake kubwa. Aliye kwenye hao 40 anaweza kushushwa na kupandishwa, na utaratibu huo timu inaruhusiwa kuutumia katika misimu mitatu bila kumtoa kwa timu nyingine. Omaha ndiyo daraja la AAA, la juu kabisa kwenye ligi ndogo, na kutoka pale hadi Kansas City ni kama saa tatu kwa gari kwenye barabara kuu namba 29. Mrushaji akiumia, timu inahitaji mrushaji mwingine usiku huohuo, na wa kushushwa anatafutwa. Mara nyingi ni yule ambaye kazi yake ni ya dakika mbili mwisho wa mechi: mwenye mbio. Na tofauti ya maisha si ndogo. Mwaka 2023, mshahara wa chini ligi kuu ulikuwa dola 720,000 kwa mwaka. Wa daraja la AAA ulikuwa dola 35,800. Mtu yuleyule, miguu ileile, saa tatu za barabara.

Nilidhani mwenye mbio zaidi ndiye hubaki juu. Nikaja kusoma habari za Herb Washington, bingwa wa mbio fupi kutoka Chuo Kikuu cha Michigan State, ambaye timu ya Oakland walimwajiri mwaka 1974 kwa kazi moja tu, kukimbia. Alicheza mechi 105 za msimu wa kawaida bila kushika gongo kumpiga mrushaji hata mara moja. Aliiba besi 31, akanaswa mara 17. Katika mechi ya pili ya World Series, fainali ya ligi kuu, ya 1974, awamu ya tisa ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, mrushaji Mike Marshall alimnasa besi ya kwanza akiwa amesogea mbali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakukosa kasi yule bwana, ila alikuwa anajifunza kusoma visigino mbele ya nchi nzima, wakati wenzake walijifunzia kwenye viwanja vya ligi ndogo huko Omaha na kwingineko, ambako kunaswa kunasamehewa. Hapo nikaanza kuiheshimu ligi ndogo.

Usiku wa Septemba 30, 2014, Royals walirudi kwenye mechi za mtoano baada ya miaka 29. Niliitazama nyumbani kwa yule mwenzangu. Oakland waliongoza 7-3 hadi awamu ya nane, na mrushaji wao alikuwa Jon Lester, mtu ambaye karibu kila mtu alijua hapendi kutupa mpira besi ya kwanza. Royals wakaanza kuiba. Terrance Gore, kijana wa Macon, Georgia, aliyekuwa amepanda ligi kuu mwezi mmoja tu kabla, aliingia kumkimbilia Billy Butler, mtu mzito asiye na mbio, akaiba besi ya pili. Awamu ya tisa akaingia Dyson wetu, mkimbiaji wa akiba. Mpigaji akaugusisha mpira taratibu, Dyson akafika besi ya pili. Mrushaji sasa ni Sean Doolittle, wa mkono wa kushoto. Mimi simu mkononi, kidole juu ya stopwochi, na Dyson akaondoka kwenda besi ya tatu. Salama! Mpira wa juu uliofuata ukadakwa, akakimbia nyumbani, yaani kituo cha mwisho anapofunga bao, 7-7. Iliisha karibu saa sita usiku, awamu ya 12, Royals 9-8. Waliiba besi saba usiku ule. Mwenzangu alilia, nami sikuwa mbali naye.

Mwaka uliofuata, Novemba 1, 2015, huko New York, ikawa kama marudio. Mechi ya tano ya World Series, awamu ya 12, 2-2. Salvador Perez akafika besi ya kwanza, Dyson akaingia badala yake, akaiba ya pili, akasogea ya tatu mpigaji aliyefuata alipotolewa, na Christian Colón akampigia mpira wa kumleta nyumbani. Bao lile ndilo lililowapa ubingwa. Mtu wa raundi ya 50.

Gore njia yake ilikuwa ngumu zaidi, na naona anastahili kukumbukwa. Pigo lake la kwanza kwenye msimu wa kawaida wa ligi kuu lilikuja Septemba 2018, akiwa Chicago Cubs, tena dhidi ya Max Scherzer, mrushaji mkali kwelikweli. Miaka minne tangu apande mara ya kwanza! Katikati hapo alikuwa anaitwa Septemba, anakimbia, anarudi chini. Na mbio zenyewe hazina huruma: Oktoba 2015 dhidi ya Houston alifika besi ya tatu kabla ya kuguswa, lakini video ilipotazamwa upya ikaonekana mguu ulinyanyuka kidogo tu kutoka kwenye besi, akatolewa.

Na ndugu zangu wa Afrika msimsahau Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini na Pittsburgh mwaka 2008, akahangaika ligi ndogo mpaka Aprili 26, 2017, alipokuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kwetu kucheza ligi kuu. Pigo lake la kwanza alilipata kwa Jon Lester huyohuyo.

Mwaka 2023 ligi kuu ilibadili sheria, na sisi wa Papillion tulizionja mapema kwa sababu hujaribiwa ligi ndogo kwanza. Besi zimekuwa kubwa, kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande, na mrushaji anaruhusiwa kujitoa kwenye kibao anachokanyagia au kutupa besi ya kwanza mara mbili tu kwa kila mpigaji. Ya tatu ikishindwa kumtoa mkimbiaji, mkimbiaji anasogezwa mbele bure. Besi zilizoibwa zikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Sasa nikiwa jukwaani siachi kuhesabu: akishatupa mara mbili, najua mkimbiaji atajisogeza nusu hatua zaidi.

Ukipata nafasi ya kwenda uwanjani na unataka kujaribu, kaa upande wa besi ya kwanza, si nyuma ya mdakaji ambako tiketi ni ghali. Utauona mgongo wa mrushaji kama mkimbiaji anavyouona. Mrushaji wa kushoto atakutazama usoni. Kwa huyo achana na visigino, tazama mguu wake wa kulia: ukishapita nyuma ya kibao anachokanyagia, lazima amrushie mpigaji, isipokuwa kama kuna mkimbiaji besi ya pili. Pima kila mrushaji mara kadhaa kabla ya kuamini namba yako.

Neema sasa anacheza softiboli ya shule, na ana mbio kuliko mimi umri ule. Huko nimelazimika kuanza upya, kwa sababu mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, na besi ziko mita 18.3 tu. Kisigino hakisaidii. Tunatazama mkono unavyozunguka, na anajifunza kuanza kusukuma mkono ukiwa unashuka, ili mguu uondoke kwenye besi sekunde ileile mpira unapoachiwa. Jumapili asubuhi tunakwenda kwenye nyasi za bustani ya mtaa, mama yake anarusha, mimi napima.