Usiku wa Narc, uani kwa mjomba

Ijumaa usiku tulitundika shuka jeupe ukutani, uani kwa mjomba hapa Kibokoni, Mombasa, tukatazama Narc. Projekta ni ya mpwa wangu anayepiga video za harusi. Dele la kahawa lilikuwa jikoni juu ya makaa, kachri za muhogo zimekolea pilipili, na watu tulikuwa tisa. Filamu ilipoisha hakuna aliyeinuka. Tulibishana mpaka karibu na adhana ya alfajiri, na yaliyosemwa yamenikaa moyoni tangu siku hiyo. Nitaieleza hadi mwisho wake, kwa hiyo usiyeiona na hutaki kujua, itazame kwanza kisha urudi.

Ni filamu ya 2002 ya Joe Carnahan. Mambo yake yanatokea Detroit, Marekani, kwenye baridi ya theluji na mwanga wa kibuluu ulioufanya hata ua wetu uonekane umepoa. Jason Patric ni Nick Tellis, askari kanzu wa mihadarati. Tunamkuta anamkimbiza mtu, na kamera inakimbia naye hadi unasikia kizunguzungu. Anayekimbizwa anamdunga mpita njia sindano, kisha anamkamata mtoto. Tellis anafyatua. Mhalifu anakufa, lakini risasi moja inampata mama mjamzito na mimba inatoka. Mwaka na nusu baadaye wakubwa wanamwita tena, achunguze kifo cha askari kanzu mwingine, Michael Calvess. Anapangwa pamoja na Henry Oak, aliyekuwa mwenzi wa Calvess kazini. Huyo Oak ni Ray Liotta, aliyefariki 2022, na kwa maoni yangu hakuna filamu aliyoibeba kwa uzito kama hii.

Mpwa wangu alizipenda zile mbio za mwanzo tu. Alizirudisha mara mbili, akatuonyesha mahali kamera inapotikisika na kwa nini imeachwa itikisike. Mke wangu alimshika mke wa Tellis na hakumwachia: mwanamke ana mtoto mchanga mkononi, anamsihi mumewe akae kazi ya mezani, na mume anaona uchunguzi wa maiti ya mtu mwingine ni muhimu kuliko nyumba yake. "Wote mnamsikitikia askari," alisema. "Nani kamuangalia huyu?" Tulinyamaza, maana alisema kweli.

Aliyesubiriwa na wote alikuwa jirani yetu, mzee aliyestaafu upolisi. Alivaa kanzu ya kazi miaka mingi kabla hajavaa ya msikitini. Alitazama mpaka mwisho bila neno, kikombe kimepoa mkononi. Kilichomkera ni lile gereji, Oak anapowafunga watuhumiwa wawili na kuwapiga ili wakiri mbele ya kinasa sauti kwamba wao ndio waliomuua Calvess. "Ukimpiga mtu mpaka akasema," mzee akatuambia, "hujapata ushahidi. Umepata sauti yake tu." Kuhusu kazi yenyewe alisema machache: kuingia maskani ya mateja si kazi ngumu, kazi ni kurudi nyumbani usiku ukaongea na watoto wako kama baba.

Mimi nilikuwa kwa Calvess, na wenzangu walishangaa kwa sababu huyo haonekani sana. Ukweli unaojulikana mwishoni ni kwamba hakuuawa na wauza unga. Alitumwa kuishi kati yao, akaanza kutumia yeye mwenyewe, ikamla, akajiua kwa mkono wake. Oak anajua. Anaficha ili mjane na watoto wasikose pensheni, na jina la baba yao lisitupwe jalalani. Mjomba alisema hiyo ni stara, na maiti husitiriwa. Nusu ya ua ikamuunga mkono.

Stara ya maiti naijua kwa mikono yangu. Miaka kadhaa nyuma binamu yangu alifariki, na mimi nikawa mmoja wa tuliomuosha. Alikuwa teja. Alikuwa ameanza kwenda kunywa methadone, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, kila asubuhi kule Kisauni na uso ulikuwa umeanza kurudi, kisha akakosa siku, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikamshika, akarudi maskani. Pale kwenye kitanda cha kuoshea nilishika mkono wake wa kushoto, nikamwagia maji ya majani ya mkunazi. Mshipa wa ndani ya kiwiko ulikuwa mgumu kama kamba ya katani iliyokauka, na vidoti vyeusi vimejipanga juu yake mpaka karibu na kifundo. Nilisimama na kopo mkononi. Mzee aliyekuwa akituongoza hakunitazama. Alisema tu, "Mwaga maji, mwanangu. Ulichokiona humu kinaishia humu." Tukamtia kafuri, tukamkafini, tukamzika makaburini Kikowani.

Kwa hiyo hadi kufika gerejini nilikuwa na Oak moyo wote. Lakini mwosha anasitiri kwa kunyamaza, habebeshi mtu mwingine kosa. Stara ya Oak ilihitaji wauaji, akawatafuta, akawafunga, na mwisho akawapiga risasi. Wale nao wana mama zao. Nilimwambia mjomba hivyo, akajibu kwamba wale ni wauza unga. Nikamwambia aliyenyamaza na kopo mkononi ni mimi, si wao, na bado sikubali.

Tena Oak aliamua peke yake. Mama mdogo wangu, mama wa marehemu, alikaa na siri hiyo karibu mwaka mzima, kisha siku moja katika kikao cha kina mama akasimama akasema mwenyewe: mwanangu aliuliwa na unga, wenu waangalieni mikono. Ndiye aliyenipa ruhusa niandike haya. Siri ilikuwa yake, akaitoa siku aliyotaka yeye.

Filamu inaisha Oak amekufa, na Tellis yuko pale na kile kinasa sauti, anajua kila kitu, ving'ora vinakaribia. Hatuambiwi atasema nini. Mpwa wangu alikasirika, akaona ameibiwa mwisho. Mzee akamgeukia, akamuuliza, "Wewe ungesema?" Kijana akatazama shuka, limebaki jeupe tupu, projekta bado inavuma. Kisha akauliza kama kahawa ipo, na mke wangu akaenda kutazama dele.