Wahadzabe wanataka shule, tatizo hawaulizwi

Kila nikisikia mtu anasema Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya asali na matunda ya porini, hawapendi shule naumia sana. Nimefundisha watoto wao huku Mbulu, madarasa ya chini, na nawaambia hao watoto wana akili ya ajabu. Mtoto wa miaka saba anajua mbuyu upi una matunda sasa hivi, anajitafutia chakula porini na wenzake, af akifika darasani anaonekana mzito kwa sababu tu mwalimu anaongea Kiswahili na kwao kinaongelewa Kihadzabe, lugha ambayo haina hata undugu na Kiiraqw wala Kidatoga cha majirani zao.

Jamani hebu angalieni kalenda. Muhula unaanza Januari, na Januari huku ni mvua. Mvua ikinyesha maji yanapatikana kila mahali kwa hiyo familia zinasambaa, na asali nayo ndo msimu wake, kiangazi ndo watu wanajikusanya tena karibu na maji. Sasa sisi tunaandikisha watoto kipindi kambi zinatawanyika, mtoto asipoonekana wiki mbili tunamwandika mtoro na baba yake anaitwa ofisini kugombezwa mbele za watu. Huyu baba ametoka kwenye jamii isiyo na chifu, kwao hakuna mtu anayemwamrisha mtu mzima mwenzake. Unadhani ukimwita kikao kingine atakuja?

Bweni linasaidia, sikatai, umbali ni mkubwa na mtoto anakula. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anakaa miezi bila kumwona mama yake, usiku analia, mchana wenzake wanamwita Mtindiga, jina la kuwadharau Wahadzabe, na kumcheka anavyoongea, mwisho anaondoka zake kwa miguu kurudi kambini. Hapo kosa la mzazi liko wapi?

Na hao wazazi wenyewe wanasomesha! Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, kama hekta 20,000 hivi, baadae ukaja mradi wa kaboni, yaani wanalipwa kwa kutunza ule msitu usikatwe, na hela inayopatikana wanaipangia wenyewe kwenye vikao vyao, sehemu inaenda kwenye matibabu na sehemu kusomesha watoto. Miaka ya 60 serikali iliwajengea nyumba na shule Yaeda Chini ili watulie, wengi walirudi porini muda si mrefu. Yale yalipangwa juu yakashushwa, haya wamepanga wao, na ardhi ni yao hawana wasiwasi wa kufukuzwa kesho.

Kuna shule moja mwalimu mkuu alimruhusu kijana wa Kihadzabe aliyemaliza la saba awe anakaa darasa la awali na kusaidia, mwalimu akisema kitu yeye anakirudia kwa lugha yao, na bibi mmoja alikuwa anakuja kuwasimulia hadithi. Watoto wakaanza kunyoosha mikono, kujibu, hata kubishana na mwalimu, raha tupu! Ila kijana hakuwa analipwa zaidi ya chakula cha mchana, na yeye ana familia, akaondoka. Hakuna fungu la mtu kama yeye.

Ndo maana mimi kwenye hili naongelea bajeti kabla ya semina. Halmashauri zenye Wahadzabe, yaani Mbulu, Karatu, Mkalama na Meatu, ziweke posho ya wasaidizi wa lugha kwa darasa la awali hadi la pili, wachaguliwe na wazazi wenyewe. Na kabla ratiba ya mwaka haijabandikwa ukutani, walimu waende kambini wakae na wazee wakubaliane kipindi cha mvua shule shikizi, ile ndogo ya karibu na kambi iliyo chini ya shule mama, iwe wapi, hata kama hiyo safari inamaanisha kulala huko.