Dar hadi Matema kwa ratiba ya tumbo

Wengi wakipanga safari ndefu ya pikipiki huanza na kilomita. Mimi na shemeji yangu, tukielekea Matema kwenye Ziwa Nyasa, tulianza na chakula: chai tutainywea wapi, mchana tule nini, usiku tulale mji gani wenye supu nzuri asubuhi. Si ulafi. Mwenye njaa huongeza mwendo ili afike upesi, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya si ya kukimbilia chakula. Ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, matuta ya vijijini na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo.

Mzigo ulikuwa mdogo: tyubu, kebo ya klachi, plagi, mafuta ya mnyororo na spana chache. Makoti ya mvua yalikaa juu kabisa ya begi, maana Tukuyu ni Tukuyu.

Tulitoka Dar kabla ya alfajiri ili tuipite Kibaha foleni haijaamka. Chalinze tukapiga chapati na maharage kwa mama ntilie, Msamvu, Morogoro, tukajaza mafuta, Milima ya Uluguru ikiwa kushoto kwetu, vilele ndani ya mawingu.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inakatiza kwa takriban kilomita 50, na hapo saa ndiyo kila kitu. Tulipanga kupita jua likiwa juu, wakati mnyama anaonekana kutoka mbali. Swala walikuwa wanakula majani hatua chache kutoka kwenye lami, na nyani wamekaa katikati ya barabara kama wenye nyumba. Shemeji alitamani kusimama apige picha. Nilimwonyesha kwa mkono asonge mbele. Picha ya twiga atapiga siku akiwa ndani ya gari.

Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu na vitunguu. Vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye nyavu nyekundu, na wauzaji hawakusubiri uzime injini. Tulikula ugali na kuku wa kienyeji, tukakaa kivulini kwa muda mrefu kuliko tulivyohitaji, kwa makusudi. Mbele kulikuwa na Kitonga.

Mlima Kitonga ukiupanda kwa gari unasinzia. Kwa pikipiki unaona kila kitu. Mbele yetu lori la tela lilikuwa linapanda kwa gia ya chini kabisa, moshi mweusi ukitupiga usoni, na utingo anatembea kwa miguu pembeni ya tairi za nyuma, gogo mkononi, tayari kulisukumia chini ya tairi lori likishindwa. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo. Kupita kwenye kona usijaribu, hata dereva akikuwashia indiketa ya kukuruhusu. Anaona zaidi yako, lakini haoni vyote. Tulimfuata taratibu hadi barabara ilipopanuka. Kufika Ilula kwenye matenga ya nyanya, jasho la Mbuyuni lilishakuwa baridi mgongoni.

Iringa tukalala. Asubuhi, baada ya supu, tulichepuka hadi Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ni karibu na mji, na kuipita Iringa bila kwenda pale naona ni uvivu tu.

Mafinga ni misonobari na upepo wa ubavuni, Makambako ni chipsi mayai na honi za malori. Chimala kuna njia ya Matamba, ile ya kona 57, inayopanda kuelekea Hifadhi ya Kitulo na maua yake. Shemeji aliitazama sana. Lakini kulikuwa na wingu zito juu, na kona za aina ile hazitaki tope. Tukaendelea hadi Uyole, tukakata kushoto.

Kwangu mimi, safari nzima ilikuwa kwa ajili ya kipande hiki. Kutoka Uyole kushuka Tukuyu, Mlima Rungwe, wenye karibu mita 3,000, uko kushoto kwako, migomba inafika hadi ukingo wa lami, halafu mashamba ya chai yanaanza. Mvua ilitukuta huko huko, kama tulivyotegemea. Tulisimama kula ndizi za nyama, chungu kikiwa bado jikoni, makoti yakichuruzika mlangoni.

Kyela joto likarudi, pamoja na mikakao na mashamba ya mpunga. Matema tukafika jioni, Milima ya Livingstone ikiwa imesimama wima juu ya Ziwa Nyasa. Tukala samaki, mbasa wa kukaanga, na wali wa Kyela, na hapo hakuna aliyeongea.

Kesho yake kwenye soko la vyungu vya Wakisi, shemeji akapenda kimoja kikubwa.

"Mama, hiki kitafika Dar kwa pikipiki?"

"Kitafika, mwanangu, ukiendesha kama mtu mwenye akili."

Shemeji akakijaza majani makavu ya migomba, akakizungushia mengine nje, akakaza kamba mwenyewe juu ya kiti cha nyuma. Begi la spana likahamia kwangu.