A ya Jiografia na ndoto ya udaktari

Binti wa kaka yangu hapa Wete, Pemba, kamaliza kidato cha sita na kapata A ya Jiografia, B ya Baiolojia na C ya Kemia. Divisheni wani safi, na tulimpikia biriani. Lakini anautaka udaktari, nao unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Yeye kasoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, bila Fizikia. Kwa hesabu ya vyuo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, kwa hiyo ana 12. Mwenzake wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, aliyepata C tatu ana 9, na huyo ndiye anayeweza kuomba.

Linaniuma, maana watoto wetu huambiwa wafaulu tu. Wafaulu nini, hakuna anayewaambia. Tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, huchaguliwa wangali kidato cha nne, mara nyingi kwa kumfuata rafiki.

Sasa tunaangalia kilimo na ualimu wa sayansi. Nimemwambia, "Mwanangu, skuli zetu zinawahitaji walimu wa Baiolojia." Kajibu, "Nitafikiri, shangazi." Mdogo wake yuko kidato cha tatu na Fizikia anaikimbia, basi kila baada ya Magharibi nakaa naye na daftari lake.